Moe Berg, mcheza baseboli aliyeingia darasani na bastola mfukoni

Tarehe 18 Desemba 1944, katika mji wa Zurich nchini Uswisi, mwanafizikia kutoka Ujerumani alisimama mbele ya ubao na kuanza kufundisha. Chumba kilikuwa na baridi na wasikilizaji hawakuwa wengi: maprofesa, wasaidizi wao na wanafunzi. Kati yao alikaa Mmarekani mmoja mrefu, mwenye nywele nyeusi, akiandika katika daftari lake kama mwanafunzi mwenye bidii. Mfukoni alikuwa na bastola. Alikuwa pia na kidonge cha sumu, cha kumeza yeye mwenyewe ikiwa mambo yataharibika.

Mwanafizikia aliyesimama mbele alikuwa Werner Heisenberg, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1932 na mtu ambaye Wamarekani walimwogopa kuliko wanasayansi wote wa Ujerumani. Amri aliyopewa mgeni huyo ilikuwa fupi: asikilize kwa makini, na akisikia jambo linaloonyesha kwamba Ujerumani ya Hitler iko karibu kupata bomu la atomiki, ampige risasi palepale.

Mgeni huyo hakuwa askari, wala hakuwa mwanafizikia. Miaka mitano kabla ya siku hiyo alikuwa bado anavaa sare ya timu ya baseboli ya Boston, na kazi yake ilikuwa kudaka mipira. Jina lake lilikuwa Morris Berg, lakini Marekani nzima ilimwita Moe. Na kitu alichotumwa kukichunguza kilikuwa na mizizi hapa kwetu, katika udongo wa Katanga, karibu na Likasi.

Mtoto wa muuza dawa

Moe Berg alizaliwa New York tarehe 2 Machi 1902. Wazazi wake, Bernard na Rose, walikuwa Wayahudi waliotoka Ukraine, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alianza maisha Marekani kwa kazi ya kufua nguo, akasoma mpaka akawa mtaalamu wa dawa. Mwaka wa 1906 alinunua duka la dawa katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey, na familia ikahamia kule.

Mzee Bernard alikuwa na wazo moja juu ya watoto wake watatu: wasome. Samuel, mkubwa, akawa daktari. Ethel akawa mwalimu. Moe, kitinda mimba, aliomba kupelekwa shuleni kabla hajafika miaka minne. Lakini mtoto huyo huyo alipenda mpira kama alivyopenda vitabu. Akiwa bado mdogo alicheza katika timu ya kanisa moja la Kimethodisti la mtaani, na kwa kuwa alikuwa Myahudi, alicheza kwa jina ambalo halikuwa lake. Kujificha nyuma ya jina lingine alikuanza mapema.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona baseboli, hii hapa kwa ufupi. Mrushaji anarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu. Mpigaji wa timu pinzani anajaribu kuupiga kwa kigongo, na akiupiga vizuri anakimbia kupitia vituo vinne ili kupata alama. Nyuma ya mpigaji anachutama mdakaji, mwenye glavu nene na kinyago usoni. Yeye anadaka mipira isiyopigwa, na kwa ishara za vidole anamwambia mrushaji wake mpira gani arushe. Mdakaji ndiye anayeona uwanja mzima. Anatakiwa kuwa na akili, kukumbuka udhaifu wa kila mpigaji, na kuficha siri za timu yake mbele ya macho ya wapinzani. Kwa Moe Berg, kazi hiyo ilikuwa ni kama shule ya kazi nyingine iliyomngoja mbele.

Kilatini uwanjani

Berg alimaliza shule ya sekondari akiwa na miaka 16. Mwaka wa 1919 aliingia Chuo Kikuu cha Princeton, mojawapo ya vyuo vikubwa vya Marekani, ambapo wakati huo wanafunzi wa Kiyahudi walikuwa wachache na hawakukaribishwa kila mahali. Alisoma lugha: Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijerumani na Kisanskriti cha India ya kale. Alimaliza mwaka wa 1923 kwa heshima za juu.

Katika timu ya chuo alikuwa nyota. Mchezaji wa timu pinzani alipofika kwenye kituo cha pili, mahali ambapo angeweza kusikia mipango yao, Berg na mwenzake walizungumza kwa Kilatini. Mpinzani alibaki ameduwaa.

Mwaka huo huo timu ya Brooklyn ilimpa mkataba wa dolari 5,000. Viongozi wa timu walitaka pia mchezaji Myahudi ambaye angewavuta Wayahudi wengi wa New York waje uwanjani. Berg alikubali, akacheza nusu ya msimu, kisha akachukua pesa zake na kuvuka bahari kwenda Paris kusoma Sorbonne. Ni huko alikozoea kununua magazeti mengi kila siku, tabia aliyoishi nayo mpaka kufa. Kwake gazeti ambalo hajalisoma lilikuwa kitu chenye uhai, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Likiguswa, lilikuwa limekufa, naye alitoka kwenda kununua lingine hata kama nje kuna theluji.

Mzee Bernard hakufurahi. Kwake, mtoto mwenye diploma ya Princeton anayelipwa kwa kukimbiza mpira alikuwa amepotea njia. Moe alijaribu kumtuliza. Aliingia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Columbia huku akiichezea timu ya Chicago White Sox, mwaka wa 1930 akapata diploma ya sheria, na wakati wa baridi, mechi zinaposimama, akafanya kazi katika ofisi ya mawakili ya Wall Street. Hata hivyo haikutosha. Baba alikufa Januari 1942 bila kwenda hata siku moja kumwona mwanawe akicheza.

Mchezaji wa benchi

Ukweli ni kwamba Moe Berg hakuwa mchezaji mkubwa. Kama mlinzi alikuwa mzuri, lakini kwa kigongo alikuwa dhaifu. Mdakaji alikuwa kwa bahati: mwaka wa 1927 wadakaji wa Chicago waliumia mmoja baada ya mwingine, akawekwa yeye, na ikaonekana kwamba hapo ndipo mahali pake. Mwaka wa 1929 ulikuwa mwaka wake bora, akacheza mechi zaidi ya 100. Aprili 1930 goti lake liliumia vibaya, na tangu hapo hakuweza tena kuwa mchezaji wa kila siku.

Alipita Cleveland, akaenda Washington, akamalizia Boston kuanzia mwaka wa 1935 hadi 1939. Kati ya mwaka wa 1931 na 1934 alicheza mechi 117 mfululizo kama mdakaji bila kufanya kosa, na hiyo ilikuwa rekodi ya ligi yake. Lakini huko Boston alicheza kwa wastani mechi chini ya 30 kwa msimu, wakati msimu mzima una mechi zaidi ya 150. Katika misimu 15 alicheza mechi 663 tu. Kila alipokwenda kupiga mara 100 alifaulu mara 24 hivi, na mipira aliyoipiga hadi nje ya uwanja ilikuwa 6 katika maisha yake yote. Wachezaji wenzake walimtania kwamba anajua lugha nyingi lakini hawezi kupiga mpira katika lugha hata moja.

Kwa nini basi timu ziliendelea kumlipa? Kwa sababu alikuwa mwalimu. Alikaa na warushaji vijana, akawaeleza jinsi mpigaji anavyofikiri. Waandishi wa habari walimpenda, maana mchezaji wa aina hiyo hawakuwa wameona. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alialikwa katika kipindi cha redio cha maswali na majibu, akajibu kuhusu maneno ya Kilatini na Kigiriki na mambo ya historia, na nchi nzima ikazungumza juu yake. Mwaka wa 1941 aliandika katika jarida la Atlantic Monthly makala juu ya warushaji na wadakaji, ambayo mpaka leo wapenzi wa mchezo huo wanaisoma.

Lakini hata wenzake waliolala naye katika hoteli na kusafiri naye katika treni kwa miaka mingi hawakumjua. Baada ya mechi alitoweka. Mtu aliyemwuliza anakwenda wapi alimjibu kwa kuweka kidole kwenye midomo.

Juu ya paa la hospitali ya Tokyo

Mwaka wa 1932 Berg alikwenda Japani pamoja na wachezaji wengine wawili kufundisha baseboli katika vyuo vikuu. Kazi ilipokwisha wenzake walirudi, yeye akaendelea peke yake: China, Indochina, Siam, India, Misri. Mwisho wa Januari 1933 alikuwa Berlin, siku zile zile Hitler alipokabidhiwa madaraka. Myahudi huyo aliyesoma magazeti ya lugha nyingi alirudi Marekani akiwaambia watu kwamba Ulaya inaelekea kwenye vita.

Mwaka wa 1934 Marekani ilituma Japani timu ya nyota wake, pamoja na Babe Ruth na Lou Gehrig, watu waliojulikana dunia nzima. Katika orodha hiyo ya mabingwa lilikuwamo jina la mdakaji wa akiba, Moe Berg. Katika mizigo yake alibeba kamera ndogo ya sinema, na barua ya kampuni ya habari za sinema iliyomwomba apige picha za safari.

Tarehe 29 Novemba, timu ilipokuwa ikicheza nje ya Tokyo, Berg hakwenda uwanjani. Alinunua maua, akaenda katika hospitali ya Mtakatifu Luka, akasema amekuja kumsalimia binti wa balozi wa Marekani ambaye alikuwa amejifungua. Hakuingia katika chumba cha mzazi huyo. Alipanda mpaka juu ya paa, maana hospitali hiyo ilikuwa mojawapo ya majengo marefu ya mji, akatoa kamera na kupiga picha za Tokyo pande zote: bandari, viwanda, reli. Kisha akashuka na kwenda zake. Binti wa balozi hakuona maua wala mgeni.

Hapa ni lazima kutenganisha ukweli na hadithi. Wengi wamesimulia kwamba filamu hiyo ndiyo iliyoongoza ndege za Marekani zilizopiga Tokyo Aprili 1942. Ni kweli kwamba Berg aliwaonyesha wakubwa wa ujasusi filamu yake. Lakini wanahistoria waliofuatilia jambo hilo hawakupata ushahidi kwamba marubani wale waliitegemea. Wala haijathibitishwa kwamba mwaka wa 1934 kuna mtu wa serikali aliyemtuma. Inawezekana kabisa kwamba alipanda paa lile kwa udadisi wake mwenyewe, na hilo pia linatuambia alikuwa mtu wa namna gani.

Uraniamu ya Shinkolobwe

Japani iliposhambulia Pearl Harbor mwezi Desemba 1941, Berg aliacha mpira. Alianza katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia Amerika ya Kusini, na mwanzoni mwa mwaka wa 1942 alizungumza redioni na watu wa Japani kwa lugha yao, akiwasihi wasiwafuate viongozi waliowaingiza katika vita. Agosti 1943 aliingia OSS, idara ya ujasusi ya Marekani iliyotangulia CIA.

Wakati huo swali moja liliwanyima usingizi wakubwa wa Washington: Je, Hitler atapata bomu la atomiki kabla yetu? Wajerumani ndio waliogundua, mwishoni mwa mwaka wa 1938, kwamba kiini cha uraniamu kinaweza kupasuliwa. Walikuwa na Heisenberg. Na walikuwa na uraniamu, tena uraniamu ya Kongo.

Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi ambayo wakoloni waliiita Jadotville, ulikuwa na uraniamu yenye nguvu kuliko migodi mingine yote iliyojulikana wakati ule. Katika barua maarufu ya Agosti 1939, Albert Einstein alimtahadharisha rais Roosevelt juu ya bomu la aina mpya, na akaitaja Kongo ya Wabelgiji kama chanzo muhimu kuliko vyote cha uraniamu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imepeleka madini mengi Ubelgiji. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka wa 1940, walijikuta na akiba hiyo mikononi.

Kwa bahati nyingine, mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alikuwa amehamisha zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe hadi New York mwaka huo huo. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Uraniamu iliyotumika katika bomu lililopigwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Katanga. Wachimbaji wa Shinkolobwe walichimba na kuchagua mawe yale kwa mikono, bila kuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani.

Idara hiyo ya OSS iliyomwajiri Berg ilikuwa na watu wake pia Léopoldville, ambao walichunguza ikiwa kuna uraniamu ya Kongo inayovushwa kwa siri kuelekea Ujerumani. Berg hakufika Kongo. Yeye alipewa upande wa pili wa swali lilelile: Wajerumani wanafanya nini na uraniamu waliyo nayo?

Ili kujiandaa, alisoma fizikia kama alivyosoma Kilatini, usiku na mchana. Juni 1944, mara tu majeshi ya washirika yalipoingia Roma, Berg aliwatafuta wanafizikia wa Italia, Edoardo Amaldi na Gian Carlo Wick, akazungumza nao kwa Kiitaliano. Wick alikuwa amesoma kwa Heisenberg na alimheshimu sana. Kutoka kwao Berg alianza kupata picha: Wajerumani huenda hawako mbele kama inavyodhaniwa. Lakini huenda haitoshi katika vita. Ilibidi amwone mtu mwenyewe.

Jioni ya Zurich

Nafasi ilitokea Desemba. Uswisi haikuwa upande wowote katika vita, na mwanafizikia wake mkubwa, Paul Scherrer, alimwalika Heisenberg kuja kufundisha. Scherrer alikuwa akishirikiana na Wamarekani kwa siri. Berg aliingia chumbani pamoja na mwenzake mmoja wa OSS.

Tujaribu kuona uzito wa saa hiyo. Heisenberg alikuwa na miaka 43. Berg alikuwa na miaka 42. Wote wawili walikuwa wasomi, wapenzi wa lugha za kale. Ubaoni Heisenberg aliandika hesabu za nadharia ambayo haikuhusu bomu hata kidogo. Berg alikijua Kijerumani vizuri, na fizikia aliijua kiasi. Je, kiasi hicho kilitosha? Akikosea upande mmoja, angemwua mtu asiye na silaha katika nchi isiyo na vita, bila sababu. Akikosea upande wa pili, huenda London au mji mwingine ungeteketea. Hakukuwa na mtu wa kuuliza wala simu ya kupiga. Uamuzi ulikuwa wake.

Aliandika. Aliwaangalia waliokuwa chumbani. Alimwangalia Heisenberg akitembea mbele ya ubao. Mhadhara ulikwisha, na bastola ilibaki mfukoni.

Siku chache baadaye Scherrer alimkaribisha Heisenberg nyumbani kwake kwa chakula cha usiku, na Berg alikuwa miongoni mwa wageni. Mazungumzo yaliingia katika vita. Heisenberg alibanwa kwa maswali, na katika majibu yake, kwa masikitiko, alikubali kwamba Ujerumani imekwisha kushindwa. Maneno hayo hayakuwafurahisha Waswisi waliokuwa mezani, kwa kuwa walisikia ndani yake mtu ambaye angependa nchi yake ishinde. Berg alisikia jambo lingine. Mtu anayeongoza kazi ya bomu linalokaribia kukamilika, bomu la kugeuza vita, hawezi kusema kwamba vita imekwisha. Berg mwenyewe alisimulia baadaye kwamba usiku huo alitembea na Heisenberg barabarani kuelekea hotelini, akiendelea kumuuliza maswali kama mtu anayependa tu kuongea.

Ripoti yake ilifika Washington: Ujerumani haiko karibu na bomu. Miezi michache baadaye ukweli ulionekana. Majeshi ya washirika yalipoingia Ujerumani mwaka wa 1945 yalikuta jaribio la Heisenberg na wenzake katika pango la mji mdogo wa Haigerloch. Mtambo wao ulikuwa haujafaulu hata mara moja kuwasha mfululizo wa kupasuka kwa viini vya uraniamu. Berg alikuwa amehukumu sawa. Heisenberg aliishi mpaka mwaka wa 1976.

Nishani aliyoikataa

Baada ya vita serikali ilimpa Berg Nishani ya Uhuru, heshima ya juu kwa raia. Aliikataa, bila kueleza sababu hadharani. Wengine wanasema ni kwa sababu asingeruhusiwa kuwaeleza watu alichofanya ili kuipata. Wengine wanasema ndivyo alivyokuwa.

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri. Biashara aliyokuwa ameweka pesa ndani yake ilianguka na kumwachia deni la kodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 CIA ilimpa kazi ya kutafuta habari za sayansi ya atomiki ya Wasovieti, lakini hakuleta kitu cha maana na mkataba haukuendelezwa. Berg alikuwa bado kijana kidogo, mwenye diploma ya sheria na lugha nyingi kichwani, lakini hakurudi kwenye uwakili wala kwenye mpira. Hakuoa. Kwa miaka karibu 17 aliishi nyumbani kwa kaka yake Samuel huko Newark, vyumba vikijaa marundo ya magazeti, mpaka Samuel alipochoka na kumtoa kwa barua za kisheria. Akahamia kwa dada yake Ethel.

Aliishi kwa marafiki. Alitokea uwanjani bila tiketi, akaingia kwa sababu walinzi walimjua. Alikula mezani kwa watu akisimulia hadithi nzuri, kisha akaondoka kabla hawajamuuliza anaishi kwa nini. Mwaka wa 1960 alikubali kuandika kitabu cha maisha yake. Inasimuliwa kwamba mwandishi aliyetumwa kumsaidia alimsifu kwa filamu zake za kuchekesha, akiwa amemchanganya na Moe mwingine, mcheza sinema wa kundi la Three Stooges. Berg aliondoka, na kitabu hakikuandikwa.

Alikufa tarehe 29 Mei 1972 hospitalini New Jersey, baada ya kuanguka nyumbani, akiwa na miaka 70. Wanaosimulia saa zake za mwisho wanasema alimuuliza muuguzi matokeo ya timu ya Mets ya New York siku hiyo. Mets walikuwa wameshinda.

Ethel aliipokea nishani ambayo kaka yake aliikataa, akaikabidhi jumba la makumbusho la baseboli huko Cooperstown, na kadi ya Berg ya mchezaji wa mpira imewekwa katika makumbusho ya CIA. Majivu ya mwili wake dada huyo aliyapeleka Israeli, na hakuna anayejua kwa hakika mahali yalipo.

Wachezaji waliokuwa naye katika safari ya Tokyo wanakumbukwa kwa mipira waliyoipiga. Berg anakumbukwa kwa risasi ambayo hakuipiga. Aliweza kuizuia kwa sababu alikuwa amesoma lugha ya mtu aliyetumwa kumwua, na alikaa kimya kwa muda wa kutosha kumsikia. Uraniamu iliyoleta hofu yote hiyo ilikuwa imetoka karibu na mji wa Likasi, mikononi mwa wafanyakazi ambao majina yao hakuna jumba la makumbusho lililoyaweka ukutani.